Neno Aliloliruka Mkalimani

Kabla ya ule ukame uliokaa miaka mitatu, watu wa Bula Webi waliishi ukingoni mwa mto Tana bila kumjua samaki. Mto kwao ulikuwa wa kunyweshea. Ng'ombe walishuka, wakanywa, wakapanda; mbuzi walishuka, wakanywa, wakapanda. Mtu akionekana amechutama majini na ndoano, watoto walimzomea, kwa sababu mla samaki, kwa Wasomali wa upande ule, alikuwa mtu aliyeishiwa mifugo, na aliyeishiwa mifugo hakuwa na la kusema mbele za watu.

Kisha mifugo ikafa. Mzee Dagane alikuwa na ng'ombe sabini na wawili. Walibaki watatu, na hao aliwachinja mwenyewe wakiwa bado wanasimama, ili angalau nyama yao iwe halali. Fatumo, mjane aliyekaa karibu na kivuko, alipoteza mbuzi wote hadi wa mwisho, beberu mwenye pembe moja aliyekuwa akilala mlangoni kama mbwa. Huyo Fatumo ndiye aliyekuwa eddo wa msichana Kowsar, yaani dada wa baba yake. Alimlea tangu mama yake alipofariki, akawa anauza mbuzi mmoja mmoja kila muhula mpaka msichana akatoka chuo cha ualimu.

Mvua ziliporudi zilirudi kwa hasira. Mto ulifurika, ukala mashamba ya migomba, na ulipopungua uliacha vidimbwi vilivyojaa kambare na perege. Shirika moja la misaada lilikuja na gari jeupe, likagawa nyavu. Watu walizipokea kwa adabu na kuzitundika kwenye miti ya miiba ya mathenge, wakawa wanakaushia nguo juu yake. Aliyekuwa wa kwanza kuingia nazo majini ni Dagane, mzee wa miaka sitini na minane. Alipita katikati ya soko, wavu begani, na ndugu zake wa ukoo wakageuza nyuso. Binamu yake mmoja alimwita mla samaki hadharani. Dagane aliendelea na njia yake ya mtoni. Alirudi saa nne na kambare wanane, akawapa majirani sita, na wawili akamkabidhi Fatumo, ambaye hakujua hata pa kuanzia kumkata samaki.

Baada ya mwaka mmoja walikuwa wavuvi thelathini na wanane. Wanaume waliingia majini, wanawake wakakaanga na kukausha, na kila asubuhi ndoo za Fatumo na wenzake zilipakiwa kwenye pikipiki kwenda Garissa mjini, walikokuwako walimu, askari na mafundi wa kutoka bara waliomjua samaki tangu utotoni. Watoto walirudi shule. Watu wakaacha kucheka.

Kowsar alifundisha Kiswahili katika shule ya msingi ya pale pale. Zaidi ya hapo alikuwa ndiye ulimi wa kijiji. Alipokuja daktari wa mifugo, waliokuja kuhesabu watu, waliokuja kuandikisha vitambulisho, wote waliketi, na Kowsar akasimama katikati, Kiswahili sikio hili na Kisomali sikio lile. Alikuwa na sifa moja iliyomfanya apendwe na pande zote mbili: yeye akitafsiri, kikao hakikuwa na ugomvi. Afisa akisema kwa ukali, Kowsar alilainisha. Mzee akitukana, Kowsar aligeuza tusi likawa ombi. Hakuwahi kuliona kuwa ni kusema uongo. Aliliona kuwa ni heshima, kama vile mtu anavyompangusia mgeni vumbi la kiti kabla hajakaa.

Siku ya kikao cha kanuni za uvuvi, watu wazima walijibana kwenye madawati ya darasa la nne. Afisa aliyekuja aliitwa Bwana Buya, Mpokomo wa huko chini mto unakoelekea baharini, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa aliyokuwa akiivua na kuivaa kila alipotaka kufikiri. Alieleza kwamba kanuni mpya zinaandaliwa, na kwamba sheria inataka wananchi washirikishwe na watoe maoni kabla hazijaanza. Alieleza habari za leseni. Alieleza jinsi samaki wanavyotaga kwenye matete. Kowsar alitafsiri yote hayo vizuri, maana yalikuwa rahisi.

Kisha Bwana Buya akasema, "Mwalimu, hili uwaambie taratibu, walielewe. Wavu wowote wenye matundu chini ya inchi tatu utakuwa haramu. Nawapa miezi mitatu. Baada ya hapo tukiukuta mtoni, tutauchukua, tutauchoma moto, na mwenyewe anaweza kupelekwa mahakamani."

Kowsar aligeuka kuwatazama watu. Nyavu zao zote, alijua, zilikuwa za matundu madogo, ndizo zilizogawiwa. Alimwona eddo wake kwenye dawati la mbele, ametabasamu, kwa kuwa afisa alikuwa amekwisha kuahidi banda la kupokelea samaki na sanduku kubwa la barafu. Alijua kwamba neno moto likitua humo ndani watu watasimama, na wakisimama kikao kimekwisha, na banda limekwenda. Tena aliwahi kuona karatasi nyingi za serikali zikifika Bula Webi na kulala hapo hapo. Nani angetoka mjini na jua lote hili kuja kuchoma nyavu?

"Anasema nyavu za matundu madogo si nzuri kwa mto," alisema kwa Kisomali. "Zitaangaliwa. Mna miezi mitatu ya kujifunza, na wenye nazo watapewa ushauri."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Dagane peke yake hakuitikia. Alisimama, dawati likasimama naye nusu, akalirudisha chini kwa mkono.

"Mwambie hivi, adeer," alisema. Wazee wa Kisomali humrudishia kijana lile lile jina ambalo kijana angewaita wao, na Dagane alimwita Kowsar adeer, baba mdogo, tangu akiwa mtoto wa kubebwa. "Sisi tuliingia maji haya tukitukanwa na ndugu zetu. Nyavu hizi hatukuziiba, tulipewa na chifu akipiga makofi. Kama ana neno juu ya wavu wangu, alitoe leo, wazi, mbele ya watu, nimjibu leo. Sitaki kuja kuambiwa nikiwa ndani ya maji."

Bwana Buya aligeuza uso kwa Kowsar, akingoja.

"Mzee anakushukuru," alisema Kowsar. "Anasema watu wake ni wapya katika kazi hii. Wanaomba mvumiliane."

Afisa alivua kofia, akaiweka kifuani. "Mwambie tutavumiliana. Mwambie nimefurahi."

Na hilo Kowsar alilitafsiri neno kwa neno.

Ilipoulizwa nani anaunga mkono, mikono yote ilipanda. Dagane aliinua wake polepole, wa mwisho, baada ya kutazama uso wa Kowsar. Bwana Buya akaandika kwamba waliohudhuria ni sitini na wanne na kwamba wameunga mkono kwa kauli moja. Watu walikunywa chai. Fatumo alimshika mpwa wake mkono njia nzima hadi nyumbani.

Miezi mitatu ilipita, na wa nne ukaingia. Kowsar alikuwa ubaoni, chaki mkononi, siku mwanafunzi wa nyuma aliposema kwamba kuna moshi mtoni. Alidhani ni mtu anachoma mathenge. Kisha akasikia wanawake.

Alikimbia bila kulifunga darasa. Kwenye kivuko palikuwa na gari, askari wanne, na rundo la nyavu. Nyavu za nailoni haziwaki vizuri; hujikunja, hudondoka matone meusi, na harufu yake hukaa kooni. Fatumo alikuwa ameketi mchangani, ndoo tupu mapajani. Wanaume walisimama kando mikono ikiwa imewalegea. Dagane alikuwa bado ndani ya maji, yanamfika kiunoni, kikoi kimemganda, na askari mmoja alikuwa ameushika upande wa pili wa wavu wake na kuuvuta ufuoni. Mzee hakuvutana naye. Aliuachia tu.

Alipanda ukingoni, akasimama mbele ya Bwana Buya, akatafuta Kiswahili chake cha sokoni.

"Wewe nadanganya sisi."

"Mzee, mimi sikudanganya mtu." Sauti ya Bwana Buya ilikuwa imepasuka, ilionekana kazi ile haimfurahishi. "Nilisema mbele ya watu wote. Nikasema taratibu." Macho yake yakamkuta Kowsar nyuma ya wanawake. "Mwalimu, si nilisema? Waambie."

Watu wote waligeuka.

"Ulisema," alijibu Kowsar kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo aliyekuwa karibu tu ndiye angeisikia. Kwa Kisomali hakusema kitu. Wanawake walimwona anatikisika midomo, wakadhani anamlaumu yule mtu. Hawo, kiongozi wa wakaangaji, alimpigapiga mgongo akamwambia asilie, dhambi ni ya mwenye kuvunja ahadi.

Hivyo ndivyo chuki ya Bula Webi ilivyompata Bwana Buya. Watu walisema aliwachekea darasani akiwa na kiberiti mfukoni. Pikipiki yake ilichomwa miiba ya mathenge magurudumu yote mawili. Mara nyingine jiwe lilimpiga kwenye helmeti, na hakuna aliyeona limetoka wapi. Nyumba kwa nyumba, Fatumo alisema, "Mtu yule aliniangalia machoni, akaniahidi banda, kumbe anapima pa kuchoma." Kowsar alikuwa akisikia maneno hayo akimpasia eddo wake sukari.

Wavuvi waliacha mmoja mmoja. Wengine walienda mjini kubeba magunia. Wachache waliobaki walishona vyandarua vya mbu, wakavipeleka alfajiri kwenye mpindo wa mbali wa mto, mahali penye mamba, ambapo hakuna gari linalofika. Na chandarua, kuliko hata zile nyavu zilizochomwa, hakiachi hata kifaranga cha samaki. Kwa hiyo samaki wachanga ambao kanuni ilitaka kuwalinda walikufa wengi zaidi. Leseni hakuna aliyeomba. Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja mbuzi wachache walioanza kuonekana tena, watu walifunga maboma. Walisema wageni wenye karatasi wamewatosha.

Dagane aliondoka mwezi wa pili baada ya moto. Alienda Hulugho kwa mkwe wake, kuchunga ngamia wa watu. Hakuaga. Yule binamu yake aliyemtukana sokoni alisema kwamba alijua tangu mwanzo, maji si boma, na safari hii waliomsikia walitikisa vichwa kukubali.

Siku moja mchana Bwana Buya alimfuata Kowsar shuleni. Alikuwa ameacha pikipiki mbali na kuja kwa miguu. Aliketi kwenye kiti cha mwalimu mkuu, akafungua faili, akamwonyesha ule ukurasa alioandika kauli moja.

"Mwalimu, nisaidie, maana sielewi. Vijiji kumi na kimoja nimepita mto huu. Kila mahali wamenipinga usoni, tumegombana, tumelala na njaa tukigombana, na mwisho wametoa masharti yao. Huko kote leo napita salama. Hapa tu ndipo waliponikubalia wote, na hapa ndipo ninapopigwa mawe." Alivua kofia. "Babu yangu alikuwa mvuvi. Kule kwetu tulivua vichanga mpaka siku moja watoto hawakumjua tena kambare mkubwa. Ndiyo maana nikaipenda kanuni hii. Sasa hawa wananiona mnyama. Niliwakosea nini?"

Kowsar alisema atamletea chai. Alienda jikoni mwa shule, akasimama mbele ya birika hadi likachemka na kumwagika, akarudi na kikombe, akasema watu wa hapa wana mengi. Bwana Buya alikunywa, akashukuru. Alisema ameomba kikao kingine, cha mwisho, kabla hajaandika kwamba Bula Webi wamekataa ushirikiano na banda lipelekwe kwingine. Alimwomba aje kutafsiri.

Tangu siku hiyo Kowsar hakulala vizuri, na hakula na watu. Kilichomsumbua zaidi si nyavu. Nyavu angeweza kujiambia kwamba zingechomwa tu hata angesema. Kilichomsumbua ni ule mkono wa Dagane. Mzee alikuwa ameomba jambo moja, aambiwe leo na wazi, na kabla ya kuinua mkono alikuwa amemtazama yeye.

Kwenye kikao cha pili walikuja watu tisa. Madawati yaliyobaki yalikuwa matupu. Fatumo alikuja ili kumwambia Bwana Buya usoni anachokifikiria. Hawo alikuja kwa sababu hiyo hiyo. Wavuvi watatu waliketi karibu na mlango kama watu walio tayari kuondoka.

Bwana Buya hakuleta karatasi. Alisimama na kusema, "Mwalimu, waambie hivi tu. Siku ile niliwaambia kwamba nyavu zitachomwa. Niliwaambia na nikawapa miezi mitatu. Kama kuna aliyesikia vinginevyo, naomba aniambie alisikia nini."

Darasa lilingoja. Kowsar aliona kwamba hata sasa angeweza. Angeweza kusema afisa anaomba radhi kwa yaliyotokea; watu wangenung'unika kidogo, Hawo angesema neno, yeye angeligeuza, na wote wangetoka wamepoa.

"Anasema," alianza, na Kisomali kilimkwama. Akaanza tena. "Anasema siku ile aliwaambia kwamba nyavu zitachukuliwa na kuchomwa moto, na wenyewe wanaweza kushtakiwa. Anauliza mlisikia nini." Alishusha pumzi. "Ni kweli aliwaambia. Alisema niwaambie taratibu ili mwelewe. Mimi sikuwaambia. Mimi ndiye niliyesema mtapewa ushauri. Hayo maneno hayakuwa yake."

Kisha akageuka kwa Bwana Buya, akamwambia kwa Kiswahili hayo hayo, na kabla hajapoteza ujasiri akaendelea. "Na mzee Dagane hakukushukuru. Alisema kama una neno juu ya wavu wake, ulitoe siku ile, wazi, mbele ya watu, akujibu. Alisema hataki kuja kuambiwa akiwa ndani ya maji."

Bwana Buya alikaa. Alikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakapanda hadi kifuani. "Akiwa ndani ya maji," alisema. "Na mimi niliifurahia ile mikono haraka mno. Mtu anaambiwa chombo chake kitachomwa, halafu ananishukuru? Ningejiuliza."

Fatumo alikuwa amesimama. Alimtazama mpwa wake kama mtu anayejaribu kusoma kibao cha mbali. Alikunja mtandio wake vizuri mabegani, akatoka, na hakufunga mlango.

Hawo ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti.

"Na ile siku ya chanjo ya watoto? Ulisema dawa haina madhara."

"Daktari alisema inaweza kuleta homa siku mbili. Sikutaka muogope."

"Mtoto wa Ruweyda aliposhikwa na homa, tulimlaumu daktari." Hawo alihesabu kitu kichwani. "Na siku ya vitambulisho? Mwanangu Hamse alipokataliwa, nilisema maneno mengi mbele ya yule bwana. Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia unamwombea dua."

Mmoja wa wavuvi alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha, akakikata. Hawo alifumba macho. "Basi miaka yote hii tumekuwa tukizungumza na wewe," alisema. "Hatujawahi kuzungumza na mtu mwingine yeyote."

Kowsar alibaki amesimama pale alipozoea kusimama, katikati, mpaka Hawo alipomwambia aketi. Aliketi nyuma, kwenye dawati la mwisho.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Habari zilienea kabla ya adhuhuri. Wazazi wawili waliwatoa watoto wao katika darasa lake, kisha mmoja akamrudisha. Kuna waliomtetea, wakisema alikuwa na nia njema, na utetezi huo ulimuuma kuliko lawama. Hata hivyo mawe yalikoma. Bwana Buya alipopita mara ya kwanza baada ya kikao, Hawo mwenyewe alimsimamisha njiani na kumpa masharti kwa kupitia Sugow, mwenye duka: watakutana tena, lakini kanuni zisomwe mstari kwa mstari, na wakalimani wawe wawili. Mmoja atafsiri, mwingine asikilize tu, na akisikia neno limerukwa anyanyue mkono. Walimchagua Sugow atafsiri. Wa kusikiliza akawa Nunow, binti aliyekuwa akisoma chuo kikuu mjini na ambaye, kwa maneno ya Hawo, hakuwa na adabu ya kutosha kuficha kitu.

Vikao vilichukua siku tatu. Siku ya kwanza waliokuja walikuwa ishirini, na walifoka mpaka Bwana Buya akatoka nje kupumua. Siku ya pili walikuja arobaini. Walimwambia kwamba aliyechoma wavu uliogawiwa kwa makofi ya chifu lazima ajibu kwanza kwa nini uligawiwa. Bwana Buya alisema hana jibu, na kwamba ataandika kuwa hana jibu. Nunow alithibitisha kwamba ndivyo alivyosema. Siku ya tatu walizungumza juu ya samaki. Wavuvi walisema inchi tatu ni kubwa mno kwa perege wa vidimbwini, wakakataa katakata. Lakini wakasema wenyewe, bila kuombwa, kwamba kidimbwi cha matete kilichoko chini ya kivuko kifungwe miezi minne kila mwaka, mtu yeyote asiingie, hata na ndoano, kwa kuwa wamewaona samaki wakitaga humo, na kwamba atakayeonekana na chandarua wao ndio watakaomkamata. Bwana Buya aliandika yote. Alisema la inchi hana uwezo wa kulibadilisha, atalipeleka juu, na mpaka lijibiwe sheria ni ile ile. Hawakulipenda. Mikono ilipohesabiwa, ishirini na saba waliunga mkono, kumi na mmoja walipinga, na majina ya waliopinga yaliandikwa kwa sababu wao wenyewe walitaka yaandikwe.

Banda lilijengwa mwaka huo, dogo kuliko lililoahidiwa. Nyavu mpya zilikuja, nusu ya zilizoombwa. Wavuvi kumi na tisa walirudi mtoni, baadaye wakawa ishirini na wanne. Idadi ya thelathini na wanane haikufikiwa tena.

Kowsar alimpigia Dagane simu Hulugho. Mtandao ulikuwa wa kukatika, akalazimika kulikiri jambo lile lile mara tatu kabla halijafika. Mzee alisikiliza. Nyuma yake ngamia walikuwa wakilalama.

"Kuchekwa nilikuwa nimekwisha kuzoea, adeer," alisema hatimaye. "Hata kuchomewa wavu ningevumilia, nimepoteza zaidi ya wavu. Lakini nilionekana mzee mjinga aliyeinua mkono wake mwenyewe kukubali. Hilo sikuliweza. Nilijiuliza usiku na mchana, nilikubali nini?"

"Nisamehe, adeer."

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Kurudi ni jambo jingine." Na simu ikakatika, au aliikata, hakupata kujua.

Eddo wake hakusema naye miezi miwili. Kila Ijumaa Kowsar alipeleka unga na majani ya chai, akaviweka mlangoni. Vilichukuliwa, lakini mlango haukufunguliwa. Alijifunza kupita njia ya nyuma kwenda shuleni ili asimlazimishe mtu kumsalimu. Kikao kikiitishwa, alienda kama wengine, akaketi nyuma, akasikiliza Sugow akitafuta maneno ambayo yeye angeyapata mara moja, na akanyamaza.

Halafu alasiri moja ya mwezi wa Shaaban Fatumo alikuja mwenyewe. Hakubisha hodi. Aliketi kwenye mkeka, akatoa bahasha ya ofisi iliyokunjwa mara nne, akaisukuma sakafuni hadi magotini pa Kowsar. Ilikuwa ya Kiswahili, barua ya majibu ya leseni za kikundi chake.

"Sugow amekwenda Mandera kuleta bidhaa," alisema Fatumo, kama anayeomba udhuru. "Nunow yuko kwenye mitihani. Soma."

Kowsar alisoma kwanza kwa macho. Fatumo akauona uso wake.

"Usiipambe, eddo," alisema kwa ukali, na lilikuwa neno la kwanza la udugu kumtoka tangu siku ile darasani. "Soma ilivyo."

Kowsar alisoma. Wanawake tisa katika kumi na wanne walikuwa wamepewa leseni. Watano walikuwa wamekataliwa kwa kukosa vitambulisho, na majina yao yalikuwa yamepangwa kwa alfabeti. La pili lilikuwa la Fatumo. Alisoma kwamba mtu asiye na leseni haruhusiwi kuuza samaki ndani ya banda, na kwamba atakayekiuka atashtakiwa. Hakupunguza hapo. Alisoma tarehe, akasoma cheo cha aliyetia sahihi, akasoma hadi muhuri.

Viganja vya Fatumo vilikuwa vimelala mapajani. Mikono yake ilikuwa na makovu madogo ya mapezi ya kambare, na mafuta ya kukaangia yalikuwa yameacha madoa mekundu hadi viwiko.

"Mungu ni mkubwa," alisema. Akasogea karibu, bega likagusa bega, ili aione karatasi, ingawa hakujua kusoma. Aliweka kidole juu ya mstari wa kwanza.

"Tena," alisema. "Tangu hapa."

Kowsar akaanza tena.